Opareta Aliyetusikia Sote

Nimekana mara nyingi, tena kwa uso mkavu, kwamba nilirudi chuoni utu uzimani kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Watu walipouliza kwa nini mama mwenye mvi za pembeni, mwandishi wa makala za magazetini, aende kusomea shahada ya usalama wa mtandao, nilikuwa na jibu la kila mmoja. Mume wangu nilimwambia dunia inabadilika. Wanangu niliwaambia sitaki kuwa bibi wa kuwekewa neno la siri na wajukuu. Jopo la udahili nililiambia maneno ambayo mimi mwenyewe sikuyaelewa, na nadhani wao pia hawakuyaelewa, maana walinikubali. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua jambo moja: maneno ya mtu, akishayakabidhi kwenye waya, yanatokaje nje? Nilitaka kulijua kwa sababu ya jirani yetu wa Ngamiani, opareta wa simu, ambaye mama yangu alikufa akiamini kwamba ndiye aliyempeleka baba yangu kizuizini.

Jina lake silitaji. Hata tulipokuwa wadogo hatukulitumia. Sisi tulimwita Bi Opareta, na watu wazima walimwita Opareta, kana kwamba mji mzima ulikuwa na mmoja tu. Wengine walikuwapo pale posta, wa zamu nyingine, lakini wale walikuwa wafanyakazi. Yeye alikuwa Opareta.

Alikuwa na sauti kubwa. Hakuwa mkali, ni kwamba alizoea laini za mbali ambazo zilihitaji mapafu, na akirudi nyumbani alisahau kuipunguza. Akija kumwomba mama chumvi, aliiomba kama anayeomba laini ya Dodoma, na barabara nzima ikajua kwamba kwetu kuna chumvi. Miaka ile ya uhaba hilo halikuwa jambo la kutangaza. Mama alikuwa akimkimbilia uani, chumvi mkononi, kidole mdomoni. Kati ya ua wetu na wake palikuwa na ukuta wa bati wenye mlango usio na komeo, na mlango ule ulipitisha vitu vyote: chumvi, moto, watoto, bakuli la mchuzi wa papa, habari za nani ameamkaje.

Watu aliwajua kwa sauti. Njiani alipishana nao bila kuwatambua, wengine wakamwona ana maringo. Lakini mtu akitamka tu shikamoo, uso wake ulifunguka: kumbe wewe, mbona ulikuwa umenyamaza? Mwalimu wangu wa darasa la nne alimpita kila siku sokoni, na kila siku hakumjua mpaka mwalimu alipouliza bei ya dagaa.

Na alikuwa msemaji. Hili ndilo lililowachanganya watu baadaye. Aliongea tangu anafungua dirisha mpaka anapolifunga: miguu yake iliyovimba kwa kukaa, jino lake la nyuma, ndoto aliyoota, namna mawingu ya upande wa Pangani yanavyodanganya watu waanike nguo. Ilinichukua miaka mingi kung'amua kwamba katika maneno yote yale hapakuwa na mtu mwingine. Alijisema yeye tu. Mji mzima ulipita masikioni mwake, ndoa na talaka, mizigo na misiba, na sikumsikia hata mara moja akianza sentensi kwa jina la mtu. Ukimchokoza kidogo, ati Bi Opareta, ni kweli fulani ameposwa Mombasa? Alicheka, akasema, "Mimi waya tu, mwanangu," kisha akarudi kwenye jino lake.

Siku moja alinipeleka kazini kwake, mama alipokuwa amekwenda kumwuguza dada yake. Nilikaa juu ya kasha la mbao nyuma ya kiti chake, nikatazama. Ubao mrefu wenye matundu, nyaya zenye vichwa vya shaba, taa ndogo zikiwaka na kuzima. Alichomeka huku, akachomoa kule, akasubiri pande zote mbili ziitikie, akauliza, "Mmepatana?" Wakisema wamepatana, alishusha kitufe kidogo kwa kidole cha kati. Nilimwuliza cha nini. Akasema hicho akikishusha, hasikii tena wanachosema. Na asipokishusha? Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama anakula nguruwe.

"Basi ningekuwa mwizi," alisema. "Tena mwizi wa kukaa kwenye kiti."

Nilikumbuka kidole kile chuoni, mhadhiri alipotuandikia ubaoni nguzo tatu za fani yetu: usiri, usahihi, upatikanaji. Mhadhiri wetu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, mwenye adabu nyingi, aliyeniita Mama hata aliponipa sufuri katika hesabu za mfumo wa sufuri na moja. Wanadarasa wenzangu waliniita Bi Mkubwa na kunikalisha karibu na swichi ya umeme, ili kompyuta yangu, ambayo nayo ilikuwa ya makamo, isizime katikati ya kipindi. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nikauliza kama mazungumzo yaliyopita katika swichibodi ya zamani yanaweza kupatikana leo. Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka. Alisema, "Hapana, Mama. Yale yalikuwa mawimbi kwenye waya. Yakishapita, yamepita. Anayejua ni aliyesikia tu." Ningeweza kufunga begi nikarudi nyumbani siku ileile, ada ikaokoka.

Nieleze sasa utaratibu wa posta yetu, maana kila kitu kilitokea humo. Miaka ile ya shida, tulipofulia majani ya mpapai na kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, laini za mbali zilikuwa chache na mbovu. Aliyetaka kuongea na Dar es Salaam au Mombasa alifika asubuhi, akajiandikisha dirishani, akakaa kwenye benchi. Pengine aliondoka magharibi bila kuongea. Ila jambo moja liliruka foleni: msiba na ugonjwa. Opareta alijitokeza mlangoni, hedifoni shingoni, akauliza kwa ile sauti yake nani ana mgonjwa, nani amefiwa. Aliyenyanyuka alipishwa na wote. Hakuna aliyeulizwa ushahidi. Alimpeleka mtu huyo kwenye chumba cha simu amemshika bega, na akitoka amelia, alimpokea kwa kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari.

Wafanyabiashara walijifunza haraka. Palikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na shangazi yuleyule kila mwezi. Maopareta wengine walimjua, wakamwambia arudi kwenye benchi akamwombee marehemu. Opareta wetu alimpa laini na pole. Wenzake walimcheka waziwazi, na mama yangu, wakati ule bado rafiki yake, alimwambia usoni kwamba anafanywa mjinga. Alikataa kabisa. Alisema mtu hawezi kumtamkia ndugu yake kifo kwa ajili ya simu. Huo ni uchuro, nani angeuthubutu? Mwanamke aliyesikia mji mzima ukisema uongo hakuamini kwamba kuna uongo wa namna ile. Kuna maneno, kwake, ambayo ulimi wa mtu ungekataa kuyatoa.

Mwaka wa pili chuoni tulisoma somo hilohilo kwa jina lingine. Mhadhiri alitufundisha kwamba mdukuzi mwenye akili havunji mtambo. Anampigia simu mtu aliyeshika funguo, anamletea haraka na huruma: mtoto yuko hospitali, bosi yuko uwanja wa ndege, mama anakata roho. Moyo, alisema, ndio tundu ambalo hakuna anayeweza kuliziba. Vijana waliandika. Mimi nilichora kikombe cha chai pembezoni mwa karatasi na sikujua kwa nini.

Baba yangu alikuwa na duka dogo la rejareja, na ulipoanza msako wa walanguzi, duka lilikuwa na chumvi, viberiti na mizani. Kilichotulisha kilipitia Moa, kule karibu na mpaka, kwa bibi yangu mzaa baba. Kanga, sabuni na mafuta ya kupikia vilivuka kutoka Kenya, vikalala chumbani kwa bibi siku mbili tatu, kisha vikaja mjini chini ya magunia ya nazi. Nusu ya mji iliishi hivyo, na nusu nyingine ilinunua.

Siku moja baba alikwenda posta asubuhi kumpigia mwenzake wa Mombasa. Alirudi mapema kuliko ilivyokuwa kawaida, mwenye furaha, akatuambia laini zilikuwa nzuri. Jioni ileile gari la serikali lenye askari lilifika Moa. Halikupitia nyumba nyingine yoyote. Lilisimama kwa bibi. Bibi alisimulia kisa kile mpaka alipokufa, na hakikubadilika: walikuja kuomba maji. Waliomba maji, naye akaona haya kuwaacha wageni wasimame juani, akafungua chumba atoe mkeka. Nyuma ya mkeka palikuwa na marobota ya kanga mpaka darini.

Baba alichukuliwa kesho yake dukani, mkono bado kwenye mizani. Bibi alifariki kabla baba hajaachiwa, na baba hakuruhusiwa kuja kumzika.

Mama alifanya hesabu yake. Baba aliongea na Mombasa asubuhi, gari lilifika Moa jioni. Sikio lililokuwa katikati ni moja. Alipita mlango wa bati nami nikishika upindo wa kanga yake, akamkuta Opareta amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Mama hakumtukana. Alisema, "Niambie si wewe. Sema hivyo tu, nami narudi kwangu."

Opareta aliacha kukuna. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo. "Ingia ukae, mwenzangu," alisema.

Mama hakukaa. Jioni alimwita fundi, na mlango wa bati ukapigiliwa misumari.

Tulimsusa tangu siku ile, na barabara nayo ikamsusa kwa kutuhurumia. Hakuhama. Aliendelea kupita mbele ya baraza yetu kwenda zamu, na kwa kuwa tulimnyamazia, na yeye watu aliwajua kwa sauti, alipita kama anayepita nyumba isiyo na watu. Alipunguza maneno. Hata jino lake tukaacha kulisikia.

Baba aliporudi, tulingoja amlaani. Hakumlaani. Mama alipoanza kisa cha jirani mnafiki, baba aliinuka akaenda kutazama kitu dukani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Akikutana na Opareta njiani alimwamkia kwanza, macho chini, kama kijana aliyevunja chungu cha watu. Mama aliona kwamba kizuizi kimemvunja mumewe, na chuki yake ikaongezeka kwa ajili ya wawili. Mimi nami niliona hivyo.

Kisha ikaja ruksa ya kuuza bidhaa za nje. Kanga zilezile, zenye chapa zilezile, zikatundikwa mchana kweupe katika kila duka la Ngamiani, na hakuna askari aliyeona kiu. Nilimwona baba mara moja amesimama ng'ambo ya barabara akizitazama zinavyopepea. Hakununua kitu. Alikufa muda si mrefu baadaye, kwa moyo, alivyosema daktari, na sina sababu ya kumbishia.

Ruksa hiyohiyo ilimfikia na Opareta. Mtambo ukaja wa kujiendesha wenyewe, na watu wa swichibodi wakapunguzwa. Akaweka meza na mwavuli kando ya barabara, simu ya mkononi juu ya meza, watu wakilipa kupiga. Nilikuwa nimemaliza chuo kile cha kwanza, cha ujana, nikija nyumbani kwa likizo za kazi. Nilimwona kwa mbali jinsi alivyofanya kazi ile: akishampigia mteja namba, alimpa simu, akanyanyuka na kiti chake, akaenda kukaa juani mbali kabisa mpaka mtu amalize. Wahuni wawili walikimbia na simu yake hivyohivyo. Akanunua nyingine, na bado alikwenda kukaa juani. Watu walisema amepungukiwa akili. Mama alisema anajikosha.

Wateja walipopata simu zao wenyewe, meza ile ikaisha, naye akahamia Mwera, upande wa Pangani, kwa binti wa kaka yake. Miaka ikapita. Mama akafa. Nami, badala ya kupanda basi kwenda kumwuliza mtu swali, nikajiandikisha kusoma shahada. Hivi ndivyo tulivyo sisi tuliosoma: tukiwa na jambo la kuuliza, kwanza tunatafuta cheti cha kuulizia.

Nilikwenda mwaka wa mwisho, nikiwa natafuta mada ya mradi. Bodaboda iliniteremsha kwenye nyumba ya udongo iliyosakafiwa vizuri, na binti wa kaka yake, mwanamke wa rika langu, akanionyesha mkeka uliokuwa upenuni. Opareta alikuwa amekuwa mdogo. Nilimpa shikamoo, akatabasamu kwa heshima ya kumtabasamia mgeni asiyemjua. Nilirudia. Binti akaniambia niache: shangazi hasikii tena, labda sikio la kushoto, ukipiga kelele. Zile hedifoni, alisema. Nikaelewa kwamba hana namna yoyote iliyobaki ya kunitambua.

Binti akampigia kelele mimi ni nani. Mikono yake iliruka, ikanishika viganja. Alitaka kujua kama mlango wa bati uliwahi kuzibuliwa. Nikatikisa kichwa. Kisha ikabidi nifanye lile nililosomea miaka mitatu nisilifanye: niliinama kwenye sikio la mtu, nikapiga kelele siri ya familia yangu mpaka kuku wakakimbia.

"Bi, ni wewe uliyesema habari za baba?"

Aliviachia viganja vyangu. "Ni mimi," alisema.

Nilitarajia mengi, lakini si hilo. Nikauliza kwa nini. Akasema hayo ni maneno ya mtu, aliambiwa akiwa kazini. Nikamwambia, na sasa nilikuwa napiga kelele bila haja ya sikio lake, kwamba kazi hiyo haipo tena, swichibodi ilishang'olewa, baba amekufa, mama amekufa, amebaki kumficha nani?

"Wamekufa wao," alisema. "Mimi bado."

Niliondoka bila kunywa uji wake. Nikiwa nyuma ya bodaboda nilishaandika kichwani aya ya kwanza ya mradi wangu: tishio la mtu wa ndani, yaani mfanyakazi mwaminifu ambaye siku moja anafungua mdomo. Nilimfanya yeye kuwa mfano, bila jina wala mji. Mhadhiri alisifu. Nilipata alama za juu kuliko nilizowahi kupata, na katika mahafali wale vijana walinibeba juujuu, Bi Mkubwa na joho lake.

Simu ilikuja wiki chache baada ya mahafali. Namba ngeni. Sisi wenye shahada hatupokei namba ngeni, kwa hiyo niliiacha ikalia mpaka ikakata, ikalia tena, ikakata. Mara ya tatu nikapokea ili nimkomeshe tapeli.

Alikuwa mzee, anayeongea polepole. Alisema yeye ni kaka wa Opareta, baba wa yule binti wa Mwera, na kwamba wamemzika Ijumaa iliyopita. Alisema binti yake amemweleza nilichokuja kuuliza. Dada yake alimfunga mdomo maisha yake yote, na sasa amemaliza kumzika, anaona anaruhusiwa.

Yeye ndiye aliyeendesha gari lile. Alikuwa dereva wa serikali. Baba yangu, alisema, siku ile alikuta benchi limejaa, na Opareta alipojitokeza kuuliza nani ana mgonjwa, baba alisimama. Alisema mama yake yuko Moa anakata roho, anataka kumwita nduguye aliyeko Mombasa. Akapewa laini, kitufe kikashushwa, akaongea biashara zake. Opareta alimpenda bibi yangu. Kila Maulidi bibi alipokuja mjini alilala chumbani kwake. Siku ile Opareta alikaa kwenye kiti akilia. Zamu ilipoisha alikimbia mpaka karakana, akamshika kaka yake miguu, amwendee yule mama amlete hospitali, maana hakuna gari lingine lenye mafuta. Siku zile gari lisingeweza kwenda mpakani bila askari ndani, kwa hiyo akapewa askari.

"Tukafika tukamkuta anamenya muhogo," alisema mzee. "Mzima. Sasa utamwambiaje mtu mzima kwamba mwanawe kamtamkia mauti? Nikaona haya. Nikasema tumepita kuomba maji."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikamwuliza kwa nini dada yake hakusema, kwa nini alikubali mama amchukie mpaka kaburini, kwa nini hata mimi nilipokwenda alinificha.

"Ulipoondoka nilimwuliza hivyohivyo. Nilimwambia, huyu mtoto amekwenda na hasira, nimwite nimweleze? Akanikataza. Akasema, mwache anichukie mimi. Mimi ni jirani tu. Yule ni baba yake."